HOTUBA YA IJUMAA: NAFAKA ILIYOLOWA CHINI YA FUNGU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, anayeteremsha mvua na kuotesha nafaka. Tunamsifu, tunamtaka msaada na tunamtaka msamaha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, nawausia ninyi, na nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, msikitini na sokoni. Leo nitakaa zaidi sokoni.

Ijumaa moja, baada ya swala, ndugu mmoja mfanyabiashara alinisubiri hapo mlangoni. Alikuwa na magunia 40 ya mahindi. Aliyanunua upande wa mpakani kwa bei ya chini, kwa pesa ya kukopa, yakanyeshewa juu ya kamyo, na sasa yalikuwa yananuka ukungu. Mwenzake alimshauri ayachanganye na mahindi mazuri, ayapeleke kwenye mashine, kwa sababu unga ukisha kuwa unga hauna wa kuuliza ulitoka wapi. Akaniambia: "Mwalimu, hii ni haramu kweli? Si nguruwe, si mzoga, si pombe. Ni mahindi tu."

Nilimrudisha kwenye soko la Madina. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye fungu la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevunyevu. Akamuuliza mwenye mali kuna nini. Yule mtu akajibu kwamba ni mvua. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa mvua, maana mvua ina Mwenyewe. Alimlaumu kwa kuificha ile iliyolowa chini ya kavu: kwa nini hakuiweka juu watu waione? Ndipo akayatamka yale maneno mazito ambayo kila mtoto wa chuo anayajua, kwamba mwenye kughushi si wake.

Angalieni, ndugu zangu, namna alivyofanya. Hakutosheka na kutazama fungu kwa juu. Aliingiza mkono.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa hadithi hii kwa upande wa udanganyifu wa kipimo: nafaka yenye maji ni nzito, basi mnunuzi analipia maji kwa bei ya chakula. Hiyo ni kweli. Lakini madaktari wa zama hizi wametuonyesha jambo jingine ndani ya fungu lile lile. Mahindi na karanga zikikaa na unyevu, au zikipigwa na ukame zikiwa bado shambani, huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Haionekani kwa jicho. Moto wa jikoni hauiondoi, usonge bukari saa nzima. Ikiingia nyingi kwa mara moja inaua ini kwa siku chache. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini, zaidi kwa mtu aliye na homa ya ini ya aina ya B. Mwaka 2004, huko Kenya, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 walikufa. Walikufa kwa chakula chao cha kila siku, katika nyumba zao.

Na karibu yetu zaidi, mwezi wa Agosti 2024 huko Zambia, mbwa mamia walikufa kwa chakula kilichotengenezwa na mahindi. Serikali yao ikapima unga wa viwanda 25, na katika 10 ikakuta sumu hiyo kupita kiasi. Unga ukarudishwa kutoka madukani. Mwaka ule Zambia ilikuwa na ukame mkubwa, hata Rais wao alitangaza janga la taifa mwezi wa Februari.

Mtu atasema, mambo ya Zambia yanatuhusu nini sisi wa Likasi? Yanatuhusu kila siku jua likichwa. Mahindi mengi yanayoliwa katika Haut-Katanga, ama nafaka ama unga, yanapitia Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Kwa hiyo yanayoamuliwa Lusaka yanafika katika sahani ya Kikula na ya Panda kabla ya yale yanayoamuliwa Kinshasa.

Basi tuyajue. Tangu mwaka 2002 serikali ya Zambia inampunguzia mkulima mdogo gharama ya mbolea na mbegu kwa mali ya umma. Hiyo ndiyo inaitwa ruzuku. Na tangu 1996 iko idara yao ya akiba ya chakula inayonunua mavuno, hasa mahindi. Mimi sisemi hilo ni baya. Mtawala anayemsaidia mkulima ametimiza sehemu ya amana yake, na Nabii Yusuf (a.s.) alipopewa hazina za Misri alifanya kazi hiyo hiyo, kuweka nafaka ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya shida. Tena aliagiza iachwe katika masuke yake. Wenye kulima wanajua hekima ya jambo hilo.

Lakini kwa miaka mingi fungu kubwa la bajeti ya kilimo huko lilikwenda kwenye mahindi. Mbegu iliyopunguzwa bei ilikuwa hasa ya mahindi, mnunuzi wa hakika alikuwa wa mahindi, basi mkulima angepanda nini? Maharagi hayakuwa na mtetezi. Karanga na mboga za mama hazikuwa na mtetezi. Ni mwaka 2015 tu walipoanza kujaribu, katika wilaya chache, kumpa mkulima hati ya kununulia pembejeo anazozitaka mwenyewe. Na kila mabadiliko yakitajwa, wako watu wanaobisha mlango wa waziri: wenye kuuza mbolea, wenye viwanda vya kusaga, wakulima wakubwa, na wanasiasa wanaohesabu kura. Kila mmoja anazungumza kwa ajili ya tumbo lake. Mtoto wa Likasi hana mjumbe katika chumba kile, na kwa haki ya Mungu hatuwezi kuwalaumu, maana ile ni mali ya Wazambia.

Mavuno yakipungua wanafunga mlango, kama walivyofanya katika ukame wa 2024. Mwaka 2025 walivuna zaidi ya tani milioni 3.6, mlango ukafunguka tena. Na Agosti ile ya 2024 walifunga na mipaka yenyewe kwa siku chache. Mnajua sababu? Bia na sukre. Serikali yetu ilikuwa imezuia vinywaji hivyo visiingie, ili kuwalinda wenye viwanda wa kwetu, na magari yakasimama. Nchi mbili zilibishana juu ya pombe na maji ya sukari, na mbeba unga akalala njiani.

Bei ya meka moja ya unga ikipanda, nini kinatokea nyumbani? Waulizeni wake zenu. Bukari haipunguzwi kwanza. Kinachopunguzwa ni ndakala, kisha maharagi, kisha mafuta katika sombe, hata ibaki bukari na chumvi. Mtoto anashiba, tumbo linajaa, naye anakauka. Nywele zinageuka rangi, miguu inavimba, na bibi anasema ni kulogwa. Si kulogwa. Uchunguzi wa afya uliofanyika katika nchi yetu mwaka 2013 na 2014 ulikuta watoto 43 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ukiongeza na unga wenye ile sumu, ambayo wataalamu wanaihusisha pia na kudumaa kwa watoto, basi mtoto huyo anapigwa pande mbili.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 188, ametukataza kuliana mali kwa batili, na akaongeza katazo la kuzipeleka mali hizo kwa mahakimu ili kula sehemu ya haki za watu hali tunajua. Wengi tukisoma aya hii tunafikiri rushwa ya kesi ya kiwanja. Ni pana kuliko hapo. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitaka kutoa ripoti inayosema sukari isipite sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha mtu. Jumuiya ya wafanya sukari wa Marekani, nchi ambayo serikali yake inawalinda wakulima wa sukari kwa mikopo na kwa kupunguza sukari inayotoka nje, ikamwandikia mkuu wa shirika hilo, Bi Gro Harlem Brundtland, na kutishia kuwaomba wabunge wao wazuie mchango wa Marekani, dola milioni 406. Ripoti ilitoka hata hivyo. Lakini tazameni kiburi: ugonjwa wa sukari wa dunia nzima uwekwe upande mmoja wa mizani, na faida ya watu wachache upande wa pili.

Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kukusanya zaka, akarudi akasema: hii ni yenu, na hii nimepewa mimi zawadi. Mtume alipanda mimbari akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi ingemfuata huko? Hadithi iko katika Bukhari na Muslim. Kila mwenye cheo katika jamaa hii, hata cheo cha avenyu, ajiulize swali hilo.

Na sisi wenyewe? Mwaka 2003 huko Maputo wakuu wa Afrika waliahidi kutoa sehemu moja ya kumi ya bajeti kwa kilimo. Nchi yetu kwa miaka mingi haikufika hata karibu. Hapa Katanga gavana Katumbi aliwahi kuagiza kila kampuni ya madini ilime hekta 500. Mwaka 2014 serikali ilifungua shamba la Bukanga-Lonzo, hekta 80,000 zilizokusudiwa kulisha Kinshasa kwa mahindi. Mamilioni ya dola, zaidi ya 200, yalikwenda huko. Kufika 2017 shamba limeachwa, na Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu aliyekuwa waziri mkuu miaka kumi kwa jambo hilo. Mimbari hii si mahakama, nami sitaongeza neno juu ya mtu. Nasema tu kwamba mali ile ilikuwa na wenyewe, na wengine wao hawakufika miaka mitano.

Ninasema kauli hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu.

Ndugu zangu, kabla ya kumhukumu yule wa magunia 40 nina neno la kuungama. Unga wa zakatul fitri tuliogawa sisi kamati ulinunuliwa mahali palipokuwa na bei nafuu. Tulihesabu mifuko, tukafurahi kwamba masikini wengi watapata. Hakuna aliyefungua mfuko. Hakuna aliyeingiza mkono. Mimi nilikuwapo, na kosa ni langu kabla ya wengine. Kuanzia mwaka huu, inshallah, tutanunua mahindi ya punje, tutayachambua wenyewe, na mama zetu wanaoijua kazi hii kuliko sisi watakaa katika kamati ya ununuzi. Pamoja na unga tutatia maharagi kama sadaka, hata kama mifuko itapungua.

Nanyi majumbani, msianike mahindi juu ya udongo mtupu, anikeni juu ya turubai. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitolewe kwa mkono, na msiwape kuku, maana sumu inawadhuru na wao. Mkitaka kujua kama mahindi yamekauka, tieni punje kiasi na chumvi kavu katika chupa kavu, funikeni, tikiseni, muache kwa dakika chache. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, bado yana maji. Na aliye na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba apande maharagi na lengalenga. Hayo hayahitaji ruhusa ya Lusaka.

Sasa yule ndugu. Nilimwambia ayachome. Alinyamaza sana, kisha akaniuliza: "Na deni, Mwalimu, utalilipa wewe?" Sikuwa na jibu. Siku ya tatu alinipigia simu niende, nikakuta amekwisha kuyachimbia shimo nje ya mji, anayamwagia mafuta gunia moja moja. Angeweza kuyauza. Hakuna mtu angejua, na baadhi ya unga ule ungelikuwa katika nyumba zenu wiki hii. Deni lake bado liko, na aliyemkopesha si mtu wa kungoja.

Katika Suratut Tauba, aya ya 60, wenye madeni ni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Jina lake sitalitaja, naye yumo humu ndani. Baada ya salamu, kisanduku kitakuwa mlango wa kulia, kwa wanaume na kwa wanawake. Mwenye deni lake mwenyewe asijikalifishe.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali na kizuri, utuponyee watoto wetu, uwape viongozi wetu hofu Yako katika mali za watu. Ewe Mola, mlipie aliyechoma mali yake kwa ajili Yako. Amin.

Simamisheni swala.