Kusikiliza Mlima

Sisi wa Kihesa tumekua tukiliona jiwe la Gangilonga, pale juu ya mji wa Iringa. Kwa Kihehe, jina hilo ni jiwe linaloongea. Wazee husimulia kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alilipanda kwenda kutafakari. Siku hizi jioni za mwisho wa wiki tunalipanda kwa makundi, na simu na muziki, na mimi kwa miaka mingi sikulisikia likisema lolote.

Jina hilo nilianza kulielewa mbali na pale, nikiwa njiani kuelekea Luhombero. Ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya milima ya Udzungwa, mita 2,500 na ushee, hata nusu ya Kilimanjaro hakifiki. Unaiacha barabara ya Morogoro pale Ilula, unaingia Udekwa wilayani Kilolo, na hapo miguu ndiyo gari. Tulikuwa wachache, pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana humo mna nyati na tembo. Njia ni ya utelezi, inapanda, inashuka bondeni, inapanda tena mpaka magoti yanalalamika. Mzee mwenyeji aliyetutangulia hakuwa msemaji. Akiinua kiganja, tunasimama.

Siku ya kwanza nilisimama kwa kuwa nimeamriwa. Siku ya tatu nilisimama kabla hajainua kiganja, kwa sababu na mimi nilikuwa nimesikia tawi likivunjika kule bondeni. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kileleni.

Milima hii imewafundisha kusikiliza hata wasomi. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliona ndani ya chungu cha kitoweo, kambini msituni, miguu ya ndege wasiyemfahamu. Ndivyo sayansi ilivyomjua kwale wa Udzungwa, ambaye wenyeji walishamla. Kule Rungwe, Wanyakyusa walikuwa na jina la kipunji kabla mtafiti yeyote hajamwona, na wapo waliodhani ni mnyama wa hadithi tu. Mwaka 2003 akaonekana, kima mwenye mkia mrefu na sauti yake ya pekee, kisha akapatikana na huku kwetu, katika msitu wa Ndundulu. Jina lilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuliamini.

Ndiyo maana siuonei huruma mlima usio na umati. Hapo hakuna anayekusukuma nyuma wala anayekusubiri umpige picha, na mwenye kauli ni yule anayeijua njia, hata kama hajavaa viatu vya bei.

Basi, ndugu msomaji, ukipata nafasi, njoo Udekwa. Muziki uuache nyumbani. Wasalimie watu kwa "kamwene", lipa ada ya hifadhi, na umwache mwenyeji atangulie.