Pombe Isiyongoja

Mkristo anayepika pombe ana deni gani kwa mnywaji? Swali hilo naulizwa hapa Marangu kila Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na kila ua ukitaka mbege, pombe ya ndizi ambayo nami huipika. Wengi hunitetea kwa kutaja harusi ya Kana na yale mabalasi sita ya mawe. Nawashukuru, lakini utetezi huo ni mwepesi. Kana inanionyesha kwamba Bwana hakuionea haya furaha ya watu. Haisemi lolote juu ya mtu aliyetoka pale akipepesuka, wala juu ya mkewe.

Mimi jibu nalitafuta katika kazi yenyewe. Ndizi zilizoiva sawasawa huchemshwa saa nyingi mpaka zigeuke nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao huloweshwa, huoteshwa, huanikwa, husagwa. Maji ya ndizi yakishachujwa, huongezwa uji wa kimea hicho pamoja na msesewe, gome la mti lenye uchungu wa dawa. Msesewe ndio unaotofautisha mikono ya wapishi: ukizidi, mbege inakwaruza koo, ukipungua, utamu wa ndizi unachosha kabla kata haijafika nusu. Ikipikwa vizuri ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na mchana wa jua kali inaburudisha kuliko soda yoyote.

Lakini haingoji. Leo ina utamu, kesho ni kali, baada ya hapo inageuka siki. Mtoto wa kaka yangu, aliyesomea biashara Dar es Salaam, aliniambia, “Shangazi, tuichemshe, tuitie kwenye chupa, ikae miezi. Utauza mpaka Mwanza.”

Nikamjibu, “Sasa nitajuaje nani anakunywa, baba?”

Katika kitabu cha Kutoka, mana iliyowekwa mpaka asubuhi iliingia mabuu ikanuka. Mahubiri niliyoyasikia huishia kwenye kukosa imani kwa wale walioweka akiba. Mimi naona na jambo jingine: chakula kisichowekeka kinamlazimisha mtu awatazame walio karibu naye. Ndivyo ilivyo mbege. Huipiki mpaka ujue siku na watu, iwe ni posa, msiba, au wazee wanaosuluhisha ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Na kwa desturi mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, ndipo kata izunguke. Ninapoonja, nawaonyesha kwamba kinachowaingia wao kimekwisha kuniingia mimi.

Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya nyama ya sanamu na ndugu aliye dhaifu. Katika ua wangu huyo ndugu ninamjua kwa jina. Namjua aliyeacha pombe, naye namwekea togwa la ulezi na kumpa katika kata kama ya wenzake, asijione ametengwa. Namjua mwenye mgonjwa nyumbani. Nikimwambia, “Mzee, imetosha, nenda kamwangalie mama,” huondoka bila ubishi, kwa sababu anajua kesho tutakutana kisimani au kanisani. Chupa iliyosafirishwa Mwanza haiwezi kumwambia mtu hivyo. Ndiyo maana nilikataa, ingawa fedha nilizihitaji.

Sisemi kwamba haya yananitakasa. Wapo wanaotoka kwangu wakitembea wima, wakapitia kilabuni barabarani na kuongeza pombe kali, wakafika nyumbani usiku wa manane wakiwa watu wengine. Kiu yao ilianzia wapi? Pengine ilianzia kwenye kata yangu. Mchungaji aliniuliza kama na hao ni mzigo wangu. Nilimwambia ndiyo, kwa sehemu. Sehemu hiyo ni kubwa kiasi gani, hapo mimi naye bado tunabishana.