Ujirani na Mkataba

Je, ujirani huzaliwa na mkataba, au mkataba huzaliwa na ujirani? Suali hili si la mzaha kwetu watu wa visiwani, ambao majahazi yetu yalitia nanga Mombasa na Lamu kabla ya kuwapo pasi wala forodha za leo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ilikuwa na reli, bandari na ndege za pamoja. Ikafa mwaka 1977. Husemwa iliuawa na siasa: huyu bepari, yule mjamaa, na Nyerere hakukubali kuketi meza moja na Amin. Ni kweli. Ila naona maradhi yenyewe yalikuwa hesabu: kila mmoja alihesabu alichotoa, asihesabu alichopewa. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983, na mwaka uliofuata wakagawana mali mithili ya warithi.

Mkataba mpya wa 1999 umeweka kuaminiana mwanzoni mwa misingi yake. Lakini imani haiamrishwi. Mwaka 2019 Rwanda iliufunga mpaka wa Gatuna mbele ya Uganda, mwanachama mwenziwe, ukakaa hivyo karibu miaka mitatu.

Linaloniuma zaidi ni la baharini. Wavuvi wa Kipemba walihamia Kwale na Kilifi tangu kabla ya uhuru. Wakaoa, wakazaa, wakazikana huko. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kazi 2010, iliahidi watu kusafiri na kuishi kwa uhuru. Wao haikuwafaa kitu, kwani haki hiyo ni ya raia, nao hawakuhesabiwa raia. Asiye na kitambulisho hapati leseni ya kuvua wala akaunti ya benki. Kenya iliwatambua rasmi mwaka 2023. Miaka yote hiyo walisitiriwa na nani, kama si jirani aliyemwoza Mpemba binti yake bila ya kumuuliza pasi?

Nitajibiwa kuwa dola haiendeshwi kwa posa na maziko. Lazima pawe na daftari. Nakubali. Nauliza tu daftari hilo linasomwa na nani. Mkataba wa 1999 ulikiahidi Kiswahili kuendelezwa, na urasmi ukakipa Kiingereza. Mvuvi wa Vanga aliyetaka kuzisoma haki zake kama zilivyotiwa saini alihitaji mkalimani.