Jioni Ni ya Nani?

Methali isemayo kwamba mchumia juani hulia kivulini ni methali ya watu waijuao kazi. Ndani yake mna jasho, mna subira, na mna ahadi kwamba aliyetaabika mchana atastarehe jioni. Lakini methali hiyo ina watu wawili tu, mchumaji na mlaji, na wote wawili ni mtu mmoja. Kati ya jua na kivuli pana moto uliowashwa, maji yaliyotekwa, nazi iliyokunwa na samaki aliyeparwa. Aliyeyafanya hayo hakutajwa. Hakuachwa nje kwa chuki. Ameachwa kwa mazoea, na mazoea ni pazia zito kuliko chuki.

Ni kwa kumtazama mtu huyo asiyetajwa ndipo wanafikra wa kifeministi wa karne ya 20 walipojenga hoja yao dhidi ya ubepari. Swali lao ni la uchumi, lakini ndani yake mna swali la maadili ambalo ni la kale zaidi. Je, kazi itendwayo kwa mapenzi ni kazi idaiyo haki, au ni mapenzi tu, na yatosha? Na ikiwa yadai haki, deni hilo liko kwa nani, na hulipwa kwa sarafu gani?

Swali hili hujadiliwa katika vyuo vikuu, na hujadiliwa vizuri. Hata hivyo, pana mahali ambapo huwa na uzito zaidi, napo ni darasa la jioni la watu wazima. Huko, kabla kitabu hakijafunguliwa, kila mwanafunzi amekwisha kulijibu swali moja la kitabu hicho kwa vitendo: nani amebaki nyumbani kupika?

Historia inao mfano mwema. Mwaka 1973 vyama vya wafanyakazi wa viwanda vya chuma nchini Italia vilipata katika mkataba wao haki isiyokuwa ya kawaida. Mfanyakazi aliruhusiwa kutumia saa 150 kwa masomo katika muda wa miaka mitatu, na mshahara wake ukaendelea. Naye kwa upande wake aliongeza saa nyingine kutoka katika wakati wake mwenyewe. Masomo hayo hayakukusudiwa kumfanya awe mwepesi zaidi mbele ya mashine. Yalikusudiwa kumrudishia elimu ambayo umaskini ulimnyima utotoni. Wengi walikwenda kutafuta cheti cha shule ya kati, na pamoja na cheti wakakutana na historia, lugha, na uchumi wa maisha yao wenyewe.

Baadaye milango ya madarasa hayo ilifunguliwa kwa watu wasiokuwa wa viwandani, wakiwamo mama wa nyumbani, na hapo ndipo tofauti ilipojitokeza waziwazi. Mfanyakazi wa kiwandani alikuwa na mwajiri wa kumdai saa 150. Mama wa nyumbani atamdai nani? Hana mkataba, hana zamu, hana kengele ya kumwambia kwamba kazi imekwisha. Saa zake za kusoma hazina budi kutoka katika usingizi wake, au katika mikono ya binti yake mkubwa, au, na hili ndilo gumu kuliko yote, katika jioni ya mumewe.

Katika mtaa wa Affori, kaskazini mwa Milan, darasa la namna hiyo lilianza mwaka 1976, na mwandishi Lea Melandri alikuwa miongoni mwa waliofundisha huko. Wanafunzi wake walikuwa mama wa nyumbani, watu wazima waliokwisha kulea. Walipopata cheti hawakukubali kuondoka. Waliendelea kukutana, kusoma na kuandika. Msanii wa filamu Adriana Monti alitengeneza pamoja nao filamu iliyokamilika mwaka 1983, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa “Shule Isiyo na Mwisho”. Watu wa pwani nao husema kwamba elimu haina mwisho. Ila hawakusema nani atashika mwiko elimu hiyo ikiendelea.

Hoja yenyewe, iliyokuwa ikienea Italia katika miaka ileile, si ngumu kuieleza. Bepari hununua nguvukazi, lakini nguvukazi haichimbwi ardhini kama madini. Kila asubuhi mfanyakazi hufika mlangoni mwa kiwanda akiwa amelala, amekula, amevaa nguo safi, na nyuma yake kuna watoto watakaoichukua nafasi yake akizeeka. Karl Marx, katika kitabu chake cha mwaka 1867, alieleza kwa urefu jinsi mshahara unavyokadiriwa kwa gharama za kumrudishia mfanyakazi nguvu zake. Lakini jikoni, ambamo nguvu hizo hurudishwa, hakukaa sana. Mwaka 1972 Mariarosa Dalla Costa wa Padova na Selma James, mzaliwa wa New York aliyekuwa akiishi London, waliingia humo. Walisema kwamba nyumba si mahali pa kukimbilia kiwanda. Ni sehemu ya kiwanda, ila haina ujira. Anayelipa mshahara mmoja hupata kazi ya watu wawili.

Kutokana na hoja hiyo lilizaliwa dai la mshahara kwa kazi za nyumbani. Mwaka 1975 Silvia Federici aliandika makala iliyoutaja mshahara huo kuwa ni dhidi ya kazi za nyumbani, wala si kwa ajili yake. Tofauti hiyo ndiyo kiini. Lengo halikuwa kumlipa mwanamke ili abaki jikoni akiwa ameridhika. Lengo lilikuwa kuonyesha kwamba afanyayo ni kazi, wala si umbile lake. Na kilichokubaliwa kuwa ni kazi, mtu aweza kukijadili, kukipunguza, hata kukikataa.

Pingamizi la kwanza hutoka moyoni, nalo lastahili heshima. Mama akunaye nazi kwa ajili ya mwanawe hauzi tui. Anayemkesha mgonjwa hakai na saa mkononi akihesabu riali. Mambo hayo yakitiwa bei, husema wapinzani, nyumba itageuka duka, na kilichokuwa hisani kitakuwa bidhaa. Hofu hiyo si ya kijinga. Ubepari una tabia ya kukigusa kila kitu na kukiacha na kibandiko cha bei, na mtu asiyetaka bei iingie chumbani mwa mtoto wake ana haki ya kuogopa.

Lakini pingamizi hilo huchanganya mambo mawili, kuhesabu na kuuza. Wapenzi wa ushairi wanaijua tofauti hiyo kuliko watu wengine. Mtunzi huhesabu mizani, akahakikisha vina, akajua kila mshororo umebeba silabi ngapi. Wala shairi halishuki thamani kwa kuhesabiwa. Hesabu ndiyo adabu yake. Vivyo hivyo, kujua kwamba mtu ameamka saa kumi ya alfajiri na kulala saa tano ya usiku si kuyauza mapenzi yake. Mapenzi hayaufupishi usiku, na uchovu wa apendaye ni uchovu kama mwingine. Linaloyadhalilisha mapenzi ni kuyafanya kisingizio cha kutouona uchovu huo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa hutoka ndani ya utetezi wenyewe wa wanawake. Mwaka 1981 Angela Davis alikumbusha kwamba wanawake weusi wa Marekani wamekuwa wakilipwa kwa kazi za nyumbani miaka mingi, katika nyumba za watu wengine, na ujira huo haukuwakomboa. Wapo waliopika majumbani mwa matajiri mchana kutwa, kisha wakarudi kwao kuanza kupika upya. Basi mshahara peke yake si uhuru.

Kwa msomaji wa pwani, ukumbusho huo una mwangwi wa karibu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake, ni miongoni mwa tungo zipendwazo kuliko zote za Kiswahili, na sehemu kubwa yake ni mafunzo ya namna mke anavyopaswa kumtunza mumewe na nyumba yake. Wasomi wamebishana sana kama utendi huo unamtiisha mwanamke au unamfundisha hekima ya kuishi. Pamoja na mabishano hayo, umo ndani yake usia mfupi ambao haupewi uzito uleule: binti anaambiwa asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Kumbe jikoni mlikuwamo watu wengine. Muungwana alikuwa na wasaa wa kusoma na kutunga, na utamu wa tungo zake ni urithi wa wote. Lakini sehemu ya wasaa huo ilitoka katika siku za wanawake wasioachiwa wasaa wa kutunga. Kusema hivi si kuuvunjia heshima utendi. Ni kuusoma wote.

Na jambo hilo halikuisha utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897. Mwanamke wa mjini apatapo kazi ya ofisini, mara nyingi huchukuliwa msichana kutoka shamba aje kufanya kazi za ndani, naye hulipwa kidogo kuliko karibu kila mfanyakazi mwingine mjini. Wengine wamevuka bahari kwenda Omani na nchi nyingine za Ghuba kupika na kulea katika nyumba za watu, wakiwaachia mama zao malezi ya watoto wao wenyewe. Mkataba wa kimataifa wa kuwalinda wafanyakazi wa majumbani, namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, haukupitishwa ila mwaka 2011. Kazi iliyodaiwa kuwa ni mapenzi inapofanywa na mtu baki, huwa kazi ya malipo ya chini, kwa sababu bei yake ilikwisha kushushwa siku ilipoitwa si kazi.

Liko pingamizi la tatu: kwamba mzigo huu ni wa kale kuliko ubepari, na kuulaumu ubepari ni kumwonea. Ushahidi wa madai hayo haukosekani. Azimio la Arusha la mwaka 1967, hati ya kupinga ubepari, lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote nchini, hata Jumapili na sikukuu, ilhali wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Vijiji hivyo havikuwa na viwanda. Jibu la haki ni kwamba ubepari haukuutengeneza mzigo huo; uliukuta kichwani mwa mwanamke, ukauongezea wake, kisha ukauandika wake peke yake katika daftari.

Ulimaji wa mwani waonyesha jambo hilo. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989 katika vijiji vya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwanamke huingia baharini maji yanapokupwa siku za bamvua, akafunga mbegu kwenye kamba, akavuna, akabeba, akaanika. Mwani mkavu huuzwa kwa makampuni, nayo ndiyo yanayotaja bei. Ute wake huishia katika dawa za meno na aiskrimu za nchi za mbali. Kilo zake huandikwa katika hesabu za mauzo ya nje. Arudipo pwani, mwanamke yuleyule huteka maji na kupika. Marilyn Waring, aliyeingia bungeni Nyuzilandi mwaka 1975 akiwa na miaka 23, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1988 jinsi hesabu za mataifa zinavyozipita kazi kama hizo bila kuziona. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1993 zilikubali kwamba kuteka maji ni uzalishaji. Kuyapikia maji hayohayo, kumwogeshea mtoto, kufulia nguo, hakukukubaliwa. Ndoo ilihesabiwa mpaka mlangoni. Ilipovuka kizingiti, ikatoweka.

Ndiyo maana darasa la jioni ni mahali pa haki pa kusomea mambo haya. Mwanafunzi wa huko hahitaji mfano wa kubuni, kwa sababu yeye mwenyewe ni mfano. Mwanamke aliyefika amechelewa kwa kuwa alingoja wali ukauke amefika na somo. Mwanamume aliyewahi kufika, akaketi mbele na daftari safi, naye ameleta somo, ikiwa yuko tayari kujiuliza wasaa wake umetoka wapi. Darasa ambalo wote wawili watatoka humo wakijua majina ya Marx, Federici na Waring, kisha kila mmoja akarudi kwenye nafasi yake ileile, litakuwa limewapa maarifa na kuwanyima elimu.

Pamoja na hayo, liko kosa jingine la kujihadhari nalo. Nyumba yaweza kumpa mke jioni yake bila mume kupoteza yake, kwa kumwongezea kazi msichana wa shamba hadi saa nne ya usiku. Mezani patakuwa na amani, na mke atasoma kuhusu ukombozi. Lakini jioni ya mmoja iliyonunuliwa kwa jioni ya mwingine aliye fukara zaidi ni ubepari uleule, ulioingia ndani na kuvua viatu. Msichana yule naye ana umri wa kusoma.

Kwa hiyo deni lililoulizwa mwanzoni halilipwi kwa fedha peke yake, ingawa fedha ina mahali pake, hasa kwa aliyeajiriwa. Hulipwa kwa wakati: zamu ya mume jikoni katika siku zijulikanazo, bila kungoja kuombwa wala kushukuriwa, saa ya mwisho ya kazi kwa mfanyakazi wa ndani, pamoja na siku yake ya mapumziko, na darasa lipangwe kwa saa ambayo walezi wanaweza kufika, likiwa na mahali pa kuwaweka watoto. Hayo ni mambo madogo, nayo hayavunji dola. Lakini mtu aliyekosa hata saa moja ya jioni hana wakati wa kufikiri dola inahitaji kuvunjwa au kujengwa, wala hana wakati wa kutunga beti moja ya kulieleza jambo hilo kwa maneno yake mwenyewe.