Mwanangu, Usipime Vikao

Mwanangu, nasikia ofisini kwenu mmeingia kwenye mambo ya ejaili, ile njia ya kutengeneza programu kidogokidogo na kumwonyesha mtumiaji kila hatua, na bosi amekupa miezi mitatu umwambie kama njia hiyo inafaa. Kaa kidogo tuzungumze. Najua una haraka.

Usihesabu vikao. Timu inaweza kusimama kwenye kikao kila asubuhi na kujaza ukuta mzima karatasi za rangi, na bado mtumiaji asipate kitu. Mimi nilihesabu pointi, zile ambazo timu huipa kila kazi kukadiria ukubwa wake, nikazilinganisha timu kwa pointi. Zikawa zinapanda kila wiki mbili, nami nikafurahi. Kumbe vijana walishajua ninachokitazama, wakawa wanaipa kazi ileile pointi nyingi zaidi. Mama wa masijala tuliyekuwa tukimtengenezea mfumo aliendelea kuandika kwenye daftari lake. Nilichelewa sana kwenda kukaa mezani kwake. Wewe anzia hapo.

Wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001, wakaandika tamko la ejaili, hawakutuagiza tupime pointi. Misingi ya tamko lao inataka maendeleo yapimwe kwa programu inayofanya kazi.

Tazama yaliyowapata FBI wa Marekani. Walitaka kuachana na mafaili ya kesi ya karatasi. Mfumo wa kwanza waliutupa mwaka 2005, baada ya kumeza dola milioni 170 hivi. Mwaka 2006 wakaanza mwingine, Sentinel, wakampa mkandarasi kwa awamu ndefu. Kufikia 2010 fedha nyingi zilishakwenda na kazi haijaisha. Wakaichukua wenyewe kwa timu ndogo, na kila wiki mbili wakaonyesha kilichokamilika. Oktoba 2011 waliwaita mamia ya wafanyakazi waujaribu, mfumo ukazimika mara mbili. Mitambo ya zamani ilikuwa imeelemewa. Wakasogeza tarehe, wakatafuta mitambo mipya. Julai 2012 ukaanza kutumika.

Ukiisoma habari hiyo mbiombio utasema ejaili ndiyo iliyowaokoa. Subiri, mwanangu. Timu ilipungua, uamuzi ukarudi ndani ya shirika, mitambo ikabadilishwa. Kipi kilisaidia kwa kiasi gani? Hata kwenu, kabla ya kuisifu njia au kuilaumu, andika kila kilichobadilika pamoja nayo.

Kisha pima hali ya sasa, kabla mambo hayajasonga. Badiliko likishaandikwa huchukua siku ngapi kumfikia mtumiaji? Mnatoa matoleo mapya mara ngapi? Mangapi huharibika, na hurekebishwa kwa muda gani? Ukikosa namba za mwanzo, za mwisho hazitakuambia kitu.

Na kuna swali moja la kumuuliza bosi kwa adabu: watumiaji wakisema tumekosea, atakubali tubadilishe mpango? Kama kazi yote, tarehe na bei vimeshafungwa kwenye mkataba, hizo wiki mbilimbili ni mapambo tu, na ripoti yako haitakuwa imeipima ejaili.

Miezi mitatu haitoshi. Timu inayojifunza njia mpya huanza kwa kupunguza kasi, na aliye na haraka huiua njia katika miezi hiyohiyo. Omba mwaka. Ukinyimwa, peleka namba za mwanzo pamoja na maneno ya wanaoutumia mfumo, na useme wazi kwamba hukumu bado. Usione haya, mwanangu. Jibu la haraka utakalolitoa leo, wenzako ndio watakaofanya nalo kazi kwa miaka.