Tamaa na Tumaini: Tafakuri juu ya Mvuvi wa Barafuni

Swali tunalokusudia kulijadili katika makala haya ni hili: je, tumaini ni fadhila, au ni jina la heshima tu tunaloipa tamaa? Kiswahili chenyewe chatuweka njia panda. Aliyelemewa na maisha twamsihi asikate tamaa; aliyezidisha kutaka twamwonya kuwa tamaa mbele, mauti nyuma. Neno ni lile lile. Pengine msomaji atasema kuwa tofauti ni ya kiasi, yaani tamaa ndogo ni tumaini, na tumaini likizidi huwa tamaa. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Ili kuipima, tumechagua kwa makusudi mfano wa mbali, mahali ambapo methali hiyo si sitiari.

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, maziwa huganda wakati wa baridi. Watu hutembea juu yake, wakatoboa barafu kwa keekee na kushusha mishipi yao. Siku za mwanzo wa msimu hupendwa mno, kwani wavuvi huamini kuwa samaki, hasa yule aitwaye walleye, hushika chambo wakati huo kuliko katikati ya baridi. Lakini siku hizo ndizo zenye maudhi mengi. Maji huwa mazito kuliko yote yafikapo takriban nyuzi 4 za Selsiasi. Kwa hiyo yaliyopoa juu huzama, na uso wa ziwa haugandi mpaka maji ya chini nayo yamepoa. Mvuvi aliyekwisha kunoa keekee yake hana budi kungoja. Usiku ziwa hufunga. Kesho yake upepo hulivunja. Au theluji huwahi kuanguka, ikawa kama blanketi juu ya barafu, nayo barafu ikakawia kunenepa. Na hata akifika, huenda akashinda kutwa mbele ya tundu lake asiambulie kitu.

Idara ya maliasili ya jimbo hilo hushauri kuwa mtu anayetembea kwa miguu asikanyage barafu mpya, angavu, iliyo chini ya sentimita 10 hivi. Barafu nyeupe nguvu zake ni kama nusu tu. Mvuvi mwangalifu huenda na mtaimbo, akiipiga barafu mbele yake kabla ya kuikanyaga.

Sasa tuwatazame wavuvi wawili ufukoni. Wote wametamani samaki kwa kiasi kimoja, na wote wamengoja majuma yale yale. Mmoja hupiga mtaimbo. Mwingine hufuata nyayo za jana. Tofauti yao haimo katika wingi wa kutaka, bali katika uhusiano wa kila mmoja na ukweli. Wa kwanza yu tayari kuambiwa "hapana" na barafu. Wa pili amekwisha kujijibu kabla ya kuuliza.

Yawezekana kupingwa kwamba anayepima ana hofu, si tumaini. Spinoza, katika Ethica iliyochapishwa mwaka 1677, alishikilia kuwa hakuna tumaini lisilo na hofu, kwa kuwa yote mawili huzaliwa na shaka. Twakubali. Asiye na shaka hatumaini. Ana yakini tu, na huenda yakini hiyo ni ya uongo.

Wala kupima hakumpi mtu dhamana. Tarehe 29 Desemba 2023, katika ziwa la Upper Red, pande la barafu lilimeguka likiwa na wavuvi zaidi ya 100. Wote waliokolewa. Hatuwezi kudai kuwa kila mmoja wao alikuwa mzembe. Hata hivyo, tukio hilo latukumbusha kuwa mwenye kutumaini hatumaini peke yake: barafu ikivunjika, kuna watu watakaoingia majini kumfuata. Hapo ndipo swali letu linapokuwa la kimaadili, wala si la busara ya mtu binafsi tu.

Kwa kuhitimisha, twasema kuwa tumaini ni fadhila pale tu linapokubali kupimwa. Mvuvi anayegeuka ufukoni na kurudi nyumbani mikono mitupu, akinuia kuja tena baada ya juma moja, hakukata tamaa kwa maana tunayoikemea. Ameikata ile iliyo mbele ya mauti, na tumaini lake amerudi nalo nyumbani.