Lawama si ya anayenakili bila akili

HIVI karibuni nilipanda Kifungilo, kule Lushoto, kumjulia hali mtoto wa ndugu yangu anayeumwa selimundu. Nikakuta kikao cha ukoo. Mama wa mtoto, mzaliwa wa Mombo, amekaa pembeni anasuka ukili, nao wanasema: "Milimani hatuna maradhi haya, ameyaleta yeye kutoka bondeni." Nilipohoji, shangazi akanijibu: "Mwanangu, ndivyo tulivyoyakuta kwa wazee."

Ndugu msomaji, hebu tuingie ndani ya seli. Maelekezo ya kutengeneza hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika damu, yamo kwenye jeni ndani ya kiini. Humo kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi husoma jeni na kutoa nakala yake. Nakala hutoka nje ya kiini, na huko ribosomu huunganisha protini. Kwa mwenye selimundu herufi moja tu imebadilika, A imekuwa T. Polimerasi haina habari! Hunakili kosa kwa uaminifu uleule inaonakilia sahihi, na chembe nyekundu zikipungukiwa oksijeni zinapinda kama mundu.

Mtoto hupata selimundu ya aina hii akiirithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili. Basi baba naye, mwana wa Kifungilo, ametoa nusu yake. Ni kweli jeni hii imeenea zaidi penye malaria, kwa kuwa aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hukingika kwa kiasi. Anthony Allison alilionyesha hilo hapa Afrika Mashariki mwaka 1954. Lakini watu wa mlimani na wa bondeni wanaoana. Nani aliyeiwekea damu kizuizi pale Mombo?

Je, polimerasi ilaumiwe? Hapana, haikupewa akili. Shangazi amepewa, nami nimepewa. Kumtwisha mwanamke lawama kwa neno ulilolipokea bila kulipima ni dhulma, hata kama umelinakili bila kuongeza herufi. Na sisi tunaosimamia nikah tumo humo humo: mahari tunaiulizia mara tatu, kipimo cha damu hatukitaji, ilhali wawili wenye jeni hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo wa mtoto mgonjwa.

Niliyasema haya pale kikaoni. Kimya kirefu. Kisha baba wa mtoto, bila kuinua uso, akauliza kipimo hicho ni shilingi ngapi.